Vishikwambi visifungiwe kabatini, watoto wavitumie

Mhariri naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, nafundisha darasa la pili huku Tanga na hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu.

Wengi washasahau kwamba kuanzia 2017 vijiji karibu 170 vya mkoa wetu viligawiwa tableti, yaani vishikwambi, kwenye Global Learning XPRIZE, shindano la kimataifa la kutengeneza programu za watoto kujifunzia wenyewe, zinachajiwa kwa sola, ndani zina programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu, na watoto wengi waliopewa walikuwa hawajawahi kukanyaga shule. Mwalimu hakuna, kila mtoto anaenda kwa mwendo wake. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja, baada ya miezi 15 idadi hiyo ikapungua kwa nusu. 2019 wakashinda watengenezaji wawili, onebillion na Kitkit School, na programu zote tano za fainali zikaachwa wazi, anayezitaka anachukua bure. Yaani kitu kimejaribiwa kwetu, kwa lugha yetu, halafu darasani kwangu hakipo!

Nina watoto zaidi ya 80. Nikiandika "mba, mbe, mbi" ubaoni wote wanaitikia kwa pamoja utadhani wanajua, mpaka umfuate mmoja umwambie soma "mbuzi" ndo unagundua alikuwa anafuatisha mdomo wa jirani yake tu, na nyuma kule kuna mwingine kitabu alishakimaliza zamani anapiga miayo. Hapo ndo kishikwambi kingenifaa, huyu arudie silabi hata mara ishirini bila kuchekwa na mtu, yule aendelee na hadithi, mimi nikae na waliokwama kabisa.

Na vifaa si kwamba hamna, vishikwambi vya Sensa ya 2022 vilikuja kwa walimu, ila kuna shule vinalala ofisini eti visiharibike. Siwalaumu sana walimu wakuu, kikipotea wao ndo wanaulizwa. Kwa hiyo naomba Tamisemi na Wizara ya Elimu watoe waraka unaoruhusu watoto kuvitumia darasani, programu ziwekwe humo humo zifanye kazi bila bando, na kikivunjika kipindi kikiendelea mwalimu asilipishwe. Hata vitano kwa darasa tutaanza navyo, watoto watapokezana kwa makundi.

Mwalimu wa darasa la pili,
Tanga