Siku Ambayo Treni Zote Hulala, Isipokuwa Zetu

Wapendwa, hamjambo? Heri ya Krismasi kwenu nyote: mlioko Voi na Taveta, mlioko Mombasa na Nairobi, na nyinyi wenzangu mnaotetemeka na baridi huku Ulaya. Naandika kutoka Drogheda, mji ulio kaskazini ya Dublin. Saa kumi na robo jioni, nje giza limeshaingia. Mezani, kando ya kikombe cha chai, pana gundi, koleo ndogo ya kushikia vitu, na mabehewa sita ambayo bado hayana magurudumu.

Kila mwaka huwa nawatumia salamu za maneno mawili matatu. Safari hii nataka nijibu swali ambalo wengi mmeniuliza kwa simu nami nikawajibu kwa kicheko: "Hivi ni kweli mtu mzima kama wewe unacheza na treni?" Ni kweli. Tena si treni za popote, ni za Ayalandi, zilizopunguzwa mara 76.2, na wanaonifundisha kuzitengeneza ni watu ambao bila wao nisingeijua Krismasi ya huku.

Wenye umri wangu mnakumbuka Krismasi ya landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, kule Voi. Baba alikuwa gadi wa treni. Kwake sikukuu ilikuwa ndiyo siku ya kazi kuliko siku zote, maana watu wa pwani wanapanda bara na wa bara wanashuka. Mama alifunika pilau yake kwa sahani nyingine, na sisi watoto tulikatazwa kumaliza soda zetu mpaka tusikie honi kutoka upande wa Mtito Andei. Soda ikawa moto, gesi imeisha, na bado hatunywi. Basi Krismasi yangu tangu utotoni ina mlio wa treni ndani yake.

Mwaka wangu wa kwanza hapa, asubuhi ya tarehe 25, nilivaa koti nikaenda stesheni. Sikuwa na safari, nilitaka tu kuona treni ikipita. Lango limefungwa. Hakuna mtu, hakuna taa, kuna ndege mmoja juu ya paa. Nilikuwa sijui: siku ya Krismasi hakuna treni ya abiria inayotembea katika kisiwa hiki kizima, kusini wala kaskazini. Kila mtu yuko kwao. Nilirudi nyumbani nikapika wali, nikala peke yangu nimeelekea dirishani.

Wakati wa masika ya huku nikawa na mazoea ya kusimama kando ya reli, karibu na daraja la mto Boyne, lile daraja refu la reli lililofunguliwa 1855, kungoja treni ya madini inayotoka migodi ya Tara kule Navan kwenda bandari ya Dublin. Siku moja nilimkuta mzee mmoja na kamera na kijitabu. Treni ilipopita akaniuliza kama nimeiona namba ya kichwa cha treni. Nikamwambia sikuiona, ila behewa la tatu kutoka mwisho lina gurudumu lililolika upande mmoja, nimelisikia linavyogonga. Mtoto wa gadi hafundishwi hilo, analala nalo. Mzee akafunga kijitabu, akanitazama vizuri. "Jumanne jioni una shughuli?" akauliza.

Jumanne ile akanipeleka kwenye ukumbi mdogo wa kanisa. Palikuwa na birika kubwa la umeme la chai, biskuti za aina tatu, na meza ndefu iliyobeba mji mzima: stesheni, ng'ombe, baa yenye taa ndani, na mtu aliyesimama jukwaani na mwavuli. Waliokuwepo ni dereva mstaafu wa basi, muuguzi aliyetoka zamu, mama mmoja anayejua kupaka kutu bandia mpaka unataka kuifuta, na kijana wa miaka kumi na mitatu anayewasahihisha wote. Nimezoea maswali ya mgeni: umetoka wapi, umekuja lini, huko kwenu kuna joto? Hawa swali lao la kwanza lilikuwa: "Reli zenu zina upana gani?"

Nikasema milimita 1000. Ukumbi ukachangamka kama nimeleta zawadi.

Maana hapo ndipo penye kidonda chao. Reli za Ayalandi zina upana wa milimita 1600, na nchi nyingine zenye upana huo ni za kuhesabu, kama Australia katika baadhi ya majimbo yake, na Brazil. Ulitokana na ugomvi. Reli ya kwanza, ya Dublin hadi Kingstown mwaka 1834, ilijengwa kwa kipimo cha Waingereza, milimita 1435. Wale wa Belfast wakaja na kipimo chao kipana zaidi, na wa kutoka Dublin kuja hapa Drogheda wakaja na cha kwao. Ikawa treni zitakutana njiani zisiweze kupita. Serikali ikaamua kwa mtindo wa wazee wa baraza: kila mmoja apoteze kidogo, kipatikane kipimo kipya ambacho hakikuwa cha yeyote kati yao, na sheria ya 1846 ikakifunga. Nikawasimulia kwamba sisi leo tuna ile ya zamani na ile ya SGR zinapita jirani jirani pale Voi bila kuweza kubadilishana hata behewa. Walicheka mpaka chai ikamwagika.

Sasa, kwa mwenye kutengeneza treni ndogo, upana huo ni mtihani. Wengi hutumia reli za dukani za milimita 16.5, zilezile wanazotumia Waingereza. Ukipiga hesabu kwa kiwango chetu, reli hizo zinawakilisha kama milimita 1257 tu. Yaani treni ya Ayalandi ikisimama juu yake imekosa sentimita 34 za miguu. Ni mtu mnene aliyevaa viatu vya mtoto. Wapo wanaokataa kabisa, wanajilazia reli zao wenyewe za milimita 21, taruma kwa taruma, na wanachukua mwaka kujenga urefu wa mlango. Wengine husema ukitazama kutoka pembeni huoni tofauti. Mjadala huu una umri mkubwa kuliko mimi na hautaisha kesho, ila sijaona ukimnyima mtu biskuti. Mimi ni wa kutazama kutoka pembeni. Na siku nikitaka kujenga Voi yangu, reli hizohizo zitakuwa pana mno, maana nahitaji milimita 13 na kidogo. Huku zinabana, kule zinapwaya!

Kwa miaka mingi madukani hapakuwa na treni ya Ayalandi ya kusema ununue. Watu walichukua za Kiingereza wakazipaka rangi, au walikata shaba nyembamba na kuilehemu kipande kwa kipande. Babu wa wote ni Cyril Fry, aliyekuwa akifanya kazi ya uchoraji wa michoro katika karakana za reli za Inchicore, Dublin, na nyumbani kwake akajenga kwa mkono treni za nchi nzima. Kazi zake ziko Malahide, katika jumba la makumbusho la Casino Model Railway, na mkija kunitembelea nitawapeleka hata kama hamtaki. Siku hizi kampuni kama Murphy Models na Irish Railway Models zimetoa vichwa na mabehewa mazuri ajabu, na vijana wanaanza na vitu ambavyo wazee waliviota tu.

Niwaambie kuhusu kosa langu, maana ndilo lililonifanya niwe wao. Jioni moja nilikuwa nasaidia kufunga vitu. Nikainua kichwa cha treni cha shaba ambacho mwenyewe alikijenga kwa misimu miwili ya baridi, nikakishika pasipostahili, kikaniponyoka. Kilipiga kona ya meza, kikapiga sakafu. Bomba la moshi likabingirika mpaka kwenye miguu ya yule muuguzi. Hakuna aliyesema kitu. Mwenyewe akainama, akaokota kile kichwa, akakigeuza kwenye taa kama daktari anayetazama mtoto, kisha akasema, "Rangi ile sikuwa naipenda hata hivyo." Akawasha birika. Jumanne iliyofuata alinikalisha kitini, akanipa pasi ya lehemu, akanishika mkono nikalirudisha lile bomba mimi mwenyewe. Limepinda kidogo upande wa kushoto hadi leo, na akilionyesha kwa wageni husema, "Hii ni lehemu ya Kenya."

Kingine kilichonifunga nao ni picha ya baba. Amesimama stesheni ya Voi na bendera yake ya kijani, nyuma yake injini ya mvuke ya daraja la 59, zile zilizopewa majina ya milima. Mmoja wao, Mount Gelai, yuko makumbusho ya reli Nairobi. Yule mzee wa darajani aliitazama picha, akaenda kwenye kabati, akarudi na injini ndogo ya buluu iliyoandikwa Merlin. Ile halisi ilijengwa 1932 kwa ajili ya treni za haraka kati ya Dublin na Belfast, na imehifadhiwa na chama cha Railway Preservation Society of Ireland, ambao kila Desemba huwapandisha watoto treni kwenda kumwona Baba Krismasi. Akaniuliza kama najua injini ya baba ilitengenezwa wapi. Manchester, nikasema, kwa Beyer Peacock. "Na hii pia," akasema. Akaiweka Merlin juu ya meza kando ya picha ya baba, tukazitazama kimya. Tumbo moja, moja ikaenda kwenye mvua, nyingine kwenye vumbi jekundu la Tsavo.

Mabehewa haya sita mezani nayo yana hadithi ya msimu. Ni ya kubebea viazisukari, si vitamu vya kuchemsha kama vyetu bali vile vya kukamulia sukari. Kuanzia vuli mpaka baada ya Krismasi treni zilivitoa Wellingtonbridge, Wexford, kuvipeleka kiwandani Mallow. Ili behewa libebe zaidi, mafundi walichukua masanduku mawili ya mabehewa ya zamani, wakapandisha moja juu ya jingine. Ubunifu wa jua kali kabisa! Mwaka 2006 kiwanda kikafungwa, treni zikakoma. Nilihangaika mzigo wa kujaza mabehewa yangu niufanye kwa nini, mpaka nikaingia duka la Kiafrika nikaona uwele. Punje ya uwele, ukiipaka rangi ya udongo, ni kiazisukari kamili kwa kipimo chetu. Sasa nusu ya wenzangu wananiagiza uwele, na mwenye duka anaamini nimefungua mgahawa wa uji.

Mkesha wa mwaka mpya kwetu ni shangwe, lakini wapenzi wa reli wa huku huwa wananyamaza kidogo. Tarehe 31 Desemba 1958 ilifungwa njia ya Harcourt Street, Dublin. Tarehe 31 Desemba 1959 zikafungwa reli nyembamba za Donegal. Nani huchagua siku kama hiyo, sijui, wahasibu labda. Sehemu ya Harcourt Street ilirudi 2004 kama njia ya tramu za Luas. Donegal haikurudi, ila katika chumba cha juu cha nyumba moja hapa mjini inaondoka kila Jumapili baada ya misa, na abiria wake ni wale wale, wamegandishwa na gundi. Nami nikikumbuka treni yetu ya usiku ya Mombasa, iliyositishwa 2017 SGR ilipoanza, nawaelewa wazee hawa bila kuelezwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Jumanne: wa milimita 21 na wa 16.5, mnaopenda mvuke na mnaoapa kwa dizeli za Kimarekani, na wewe unayenisimulia kila mwaka jinsi kichwa namba 201 kilivyoletwa kwa ndege kutoka Kanada mwaka 1994, Nollaig Shona, yaani Krismasi njema kwa Kiayalandi. Nawatakia gundi isiyokauka chupani na macho yatakayoona skrubu iliyoanguka zuliani. Kijana wetu, usiwasahihishe sana wazee siku ya sikukuu, ngoja Januari. Na mzee wangu wa darajani, uliyetoka hospitali juzi, ile Merlin nimeisafisha magurudumu, nitakuletea.

Nanyi wa nyumbani, mkifunika sahani ya mtu aliye kazini siku hiyo, gadi, muuguzi, dereva wa matatu, msalimieni kwa niaba yangu. Msimalize soda.

Tarehe 25 stesheni ya Drogheda itafungwa kama kawaida. Saa kumi jioni zetu za huku, kwenu itakuwa saa moja usiku, tumekubaliana kila mtu aliye na reli nyumbani kwake awashe. Ya kwangu ina mabehewa sita ya viazisukari, kama nitawahi kuyatia magurudumu, na jukwaani nimemweka mtu mmoja mdogo wa urefu wa sentimita mbili na nukta. Nimempaka rangi mwenyewe. Ana kofia ya gadi na bendera ya kijani, na mkono umeshainuka.