Kambi ya jeshi ikifungwa, wasifikiriwe wajenzi peke yao

Mhariri, naomba kanafasi. Kambi ya jeshi ikifungwa watu wanawaza viwanja na maghorofa tu, ila angalieni Fort Ord kule California, Marekani, ilifungwa 1994 na kuna kipepeo mdogo wa bluu anayeitwa Smith's blue, huyu maisha yake yote yako kwenye mimea ya Eriogonum, anataga kwenye maua yake na kiwavi anakula hapohapo, ukifyeka umemmaliza. Kichekesho ni kwamba mazoezi ya kijeshi ndio yaliyolinda pori lile, maana nani angejenga kwenye mabomu ambayo hayajalipuka?

Sasa kuacha vipande vya pori katikati ya mabarabara halafu mnasema tumehifadhi, hapana jamani. Salamanda wa pale, mnyama wa jamii ya vyura ila umbo kama mjusi, anazaliana kwenye vidimbwi vya mvua, kiangazi anajificha kwenye mashimo ya kindi wa ardhini, mkipitisha lami katikati anakanyagwa na magari. Mwaka 2012 Obama alitangaza sehemu kubwa kuwa hifadhi ya kitaifa, safi, lakini kwingineko hela ya kung'oa magugu na kulipa wakaguzi wa pori lililobaki itoke kwa wanaojenga, tena iwe benki kabla greda halijaingia, sio nyumba zikishauzwa ndio tuanze kubembelezana.

Msomaji wenu