Pilipili ya mlimani isipikwe kama pilipili manga

Mhariri,

Wapishi wengi wanaopata pilipili ya mlimani ya Tasmania, kule Australia, huitumia kama pilipili manga, na hapo ndipo chakula huharibika. Tunda lake kavu huanza kwa utamu. Ukali huja baadaye, hukaa, na ulimi hufa ganzi kidogo. Anayeonja na kuongeza papo hapo hujikuta amezidisha. Kwa nusu kilo ya nyama, robo ya kijiko cha chai ya unga wake inatosha. Onja, kisha subiri dakika nzima kabla ya kuamua.

Tafadhali msiichemshe tangu mwanzo! Moto wa muda mrefu hupunguza ukali na harufu, kwa hiyo kwenye mchuzi itiwe dakika 5 za mwisho. Majani makavu yaliyosagwa hayana ukali mwingi kama tunda. Yanafaa kwa supu au kupaka nyama ya kuchoma.

Tena tunda hutoa rangi ya zambarau. Kwenye rosti hupendeza sana, ila sosi nyeupe ya maziwa hugeuka waridi, huko afadhali majani. Na saga kiasi cha siku hiyo tu, maana unga ukikaa wazi harufu hupotea upesi.

Msomaji wenu