"Ni maoni yangu tu"

Ndugu Mhariri,

Siku hizi kuna kauli iliyogeuka kichaka cha kujifichia: "Haya ni maoni yangu tu." Mtu akishaitoa, mjadala umekwisha, ukimuuliza ameyapata wapi, unaonekana mchokozi. Naomba nafasi niipinge, nikianza na kosa langu mwenyewe.

Nilitumiwa picha ya umati uliozingira lori lililopinduka. Maelezo yake yalinichoma: watu wanapora mizigo na dereva amenasa ndani. Sikungoja. Niliirusha kwenye grupu la ukoo, nikashushia na mahubiri marefu juu ya utu uliotutoka. Baada ya muda mpwa wangu akauliza, "Samahani Mjomba, hiyo kamba wanayovuta ni ya kuporea nini?"

Nikaikuza picha. Kamba ilikuwa imefungwa kwenye mlango wa dereva. Walikuwa wanamtoa.

Kamba haikufichwa. Ila mimi nilikwisha kuambiwa cha kuona, nikakiona hichohicho.

Mwanasaikolojia Peter Wason aliuonyesha udhaifu huu mwaka 1960. Aliwapa watu namba 2, 4, 6, akawaambia zinafuata kanuni fulani. Waigundue kwa kutaja namba nyingine tatutatu, naye atawajibu kama zinaifuata au la. Fikiria mtu anataja 8, 10, 12: ndiyo. 20, 22, 24: ndiyo. Anatangaza kifua mbele kwamba kila namba inazidi iliyotangulia kwa mbili. Kakosa! Kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda. Angejaribu 1, 2, 3 angejibiwa ndiyo vilevile, na dhana yake ingeporomoka palepale. Hakujaribu, maana alikuwa akitafuta wa kumuunga mkono. Wengi waliofanya jaribio lile walinaswa hivyo.

Kurudiarudia nako kunatulaghai. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1977 ulionyesha kuwa watu waliposikia tena sentensi zilezile baada ya wiki kadhaa, waliziamini zaidi, ziwe za kweli au za uongo.

Sisemi tushuku kila kitu. Wapo mabingwa wa kushuku wanaomhoji daktari mpaka jasho limtoke, kisha wanameza bila kutafuna sauti ya mtu wasiyemjua kwenye simu. Ninachotaka ni kidogo: anayetoa maoni hadharani aweze kusema ni jambo gani, likithibitika, litamfanya ayabadili. Asiye nalo hajafikiri bado, hata kama amesoma sana. Na ukurasa huu wa barua ungeweza kuanza kutudai hivyo sisi waandishi wake.

Mimi nilirudi kwenye grupu lilelile nikaandika kwamba nimekosea, na kamba nikaizungushia duara jekundu. Shemeji zangu wawili walikuwa wameshaipeleka picha kwingine, na mahubiri yangu chini yake. Niliwaomba wapeleke na masahihisho. Mmoja alinijibu kwa kidole gumba. Mwingine amesoma, kimya.

Msomaji wenu wa siku nyingi