Barua ya wazi kwa Waziri wa Sheria: kabla ya msamaha wa tano, tusikilizwe

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Sheria na Mtunza Mihuri, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kinshasa

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Kisangani. Nakuandikia kwa sababu mazungumzo ya amani ya Doha yanaelekea kwenye jambo ambalo lazima lipitie mikononi mwako: nani asamehewe, nani ashitakiwe, na nani avalishwe sare ya jeshi la taifa. Mkataba uliotiwa saini tarehe 15 Novemba 2025 kati ya serikali na waasi wa AFC/M23 uliacha mengi ya kujadiliwa baadaye, na haki na maridhiano yamo humo. Mswada wa msamaha ukiandikwa, utaandikwa wizarani kwako. Kabla haujaandikwa, nina ombi moja: waliopigwa na vita wasikilizwe kwanza, hadharani, katika miji yao, na waliyoyasema yachapishwe kabla wabunge hawajapiga kura.

Ombi lenyewe si kubwa, ila halijawahi kutimizwa. Tumepata sheria ya msamaha mwaka 2003, nyingine 2005, nyingine 2009, na nyingine 2014. Zote nne zilizaliwa kwa njia ile ile: wenye bunduki wanakaa mezani, wanakubaliana, karatasi inatiwa saini, na sisi tunasikia redioni kwamba tumesamehe. Ni kweli sheria hizo ziliacha nje makosa makubwa kama mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya binadamu. Lakini kosa lililoachwa nje ya msamaha, kisha lisichunguzwe na mtu, limesamehewa kimyakimya.

Nianze na mji wetu, maana ndio ninaoujua. Majeshi ya Rwanda na Uganda, ambayo yote mawili yaliingia nchini mwetu mwaka 1998, yalipigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya Kisangani mara tatu: Agosti 1999, Mei 2000, na kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000. Ile ya tatu ndiyo tunayoiita Vita vya Siku Sita. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuja baadaye uliandika kwamba raia zaidi ya 760 waliuawa na wapatao 1,700 walijeruhiwa, nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibiwa, shule 69 zilipigwa makombora, na watu 65,000 walikimbia. Hata kanisa kuu la Katoliki halikupona. Waliokufa siku zile hawakupelekwa makaburini kwa maandamano. Palipokuwa na nafasi uani ndipo palipochimbwa, haraka, kabla milio haijaanza tena. (Ile methali ya tembo na nyasi tumeichoka hapa. Nyasi huota tena mvua ikinyesha.)

Sasa tazama kilichofuata, Mheshimiwa. Baraza la Usalama, katika azimio namba 1304 la Juni 2000, lilisema Rwanda na Uganda zote zinapaswa kulipa fidia kwa yaliyotokea Kisangani. Kongo ilikwenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule Hague. Uganda ilionekana na hatia mwaka 2005, na Februari 2022 ikaamriwa kulipa dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili. Ilianza kulipa Septemba mwaka huo, kwa awamu za milioni 65. Kesi dhidi ya Rwanda ikaishia mlangoni mwaka 2006, kwa kuwa mahakama ilisema haina mamlaka ya kuisikiliza. Kwa hiyo kombora lililotoka upande mmoja wa mji lina mlipaji, lililotoka upande wa pili halina. Kwa mwenye nyumba iliyobomoka hilo ni fumbo, na sijamsikia ofisa yeyote akija kulifafanua kwa wakazi wa komine (wilaya za mji) za Tshopo au Mangobo.

Fedha zenyewe nazo unajua zilikopita. Ulianzishwa mfuko wa kuwafidia wahanga wa majeshi ya Uganda, FRIVAO. Mwaka 2025 aliyekuwa waziri katika ofisi unayoikalia leo alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kasasyo (Cour de cassation) kuhusu dola milioni 19 zilizochotwa katika fedha hizo za fidia, kwa ajili ya kujenga gereza hapa hapa Kisangani. Alikana. Septemba mwaka huo alihukumiwa miaka 3 ya kazi ngumu. Sikukumbushi haya ili nikuaibishe kwa ya mwenzako. Nataka ujue tu kwamba mtu wa Kinshasa akija huku na neno maridhiano mdomoni, jambo la kwanza watu wanalolikumbuka ni gereza lile.

Kuna mama wa mtaani kwetu ambaye bati la nyumba yake bado lina matundu ya vipande vya kombora, ameyaziba kwa lami, na kila masika lami inaachia. Alipokwenda kuandikishwa, ofisi fulani ilimtaka alete picha ya nyumba ilivyokuwa kabla ya vita, pamoja na cheti cha kifo cha mumewe. Mumewe alizikwa uani tarehe 8 Juni 2000. Nani angemwandikia cheti siku ile? Aliuliza hivyo hivyo, bila ukali, akaambiwa arudi wiki ijayo. Mtu kama huyu ukimuuliza maridhiano ni nini, hatakujibu kwa hotuba. Atakuambia anataka mtu mmoja wa serikali aingie uani kwake, aone palipozikwa mtu, aandike.

Nimetaja maoni ya watu, na najua huko juu mnayaogopa. Mnadhani mkifungua mlango, watu watadai damu. Wapo wanaoidai, sikatai. Lakini wengi ninaowasikia, sokoni, kanisani, kwenye vikao vya msiba, wanadai mpangilio: kwanza kisemwe kilichotokea, kisha ijulikane nani alifanya, kisha aliyeumia apate kitu mkononi, ndipo msamaha uletwe. Wanasiasa wetu wamezoea kuanza na la mwisho.

Mfano bora ni serikali ya mpito ya 2003, ile ya rais mmoja na makamu wanne. Kati ya makamu hao alikuwemo Abdoulaye Yerodia Ndombasi, ambaye maneno yake ya Agosti 1998 dhidi ya Watutsi yaliifanya Ubelgiji itoe hati ya kumkamata. (Kongo ilishinda kesi ya hati hiyo mwaka 2002, kwa hoja ya kinga ya mawaziri. Kama maneno yenyewe yalikuwa halali au la, mahakama haikuulizwa.) Alikuwemo pia Azarias Ruberwa, Munyamulenge (Mtutsi wa Kongo), kiongozi wa RCD-Goma, kundi lililotawala Kisangani kwa mgongo wa Rwanda. Wawili hao wakakaa meza moja miaka mitatu, magari ya serikali, walinzi, mishahara. Mbele ya wananchi hakuna aliyeulizwa lolote. Tume ya Ukweli na Maridhiano iliyoundwa wakati huo ilijazwa watu wa makundi yale yale yaliyopigana, ikamaliza muda wake mwaka 2007 bila kufungua faili hata moja la uchunguzi. Wananchi walipopata nafasi ya kusema, walisema kwa kura: mwaka 2006 Ruberwa alipata chini ya asilimia 2. Hayo ndiyo maoni ya watu. Yalifika yakiwa yamechelewa, na yalimwadhibu mtu mmoja kwa mambo ambayo tume ingeyafafanua kwa wote.

Kutouliza kuna gharama, na Kisangani tuliishuhudia gharama hiyo ikikua. Tarehe 14 Mei 2002 wanajeshi walioasi ndani ya RCD waliteka redio ya mji, wakawataka wananchi wawafukuze Wanyarwanda. Kundi la watu liliwaua waliodhaniwa kuwa Wanyarwanda. Kisha RCD ikarudisha mji mikononi mwake: mauaji ya Mangobo, na watu waliouawa darajani Tshopo wakatupwa mtoni, miili ikaelea siku zilizofuata. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihesabu waliouawa kuwa zaidi ya 160. Miongoni mwa makamanda waliotajwa alikuwa Laurent Nkunda. Hakushitakiwa, mpito ulipokuja alipewa cheo cha jenerali katika jeshi jipya. Alikataa kwenda Kinshasa, akaiteka Bukavu Juni 2004, akaunda kundi la waasi la CNDP, na mkataba wa CNDP wa tarehe 23 Machi 2009 ndio ulioipa M23 jina lake. M23 iliteka Goma Novemba 2012, ikashindwa 2013, ikapata msamaha wa 2014, ikarudi mwishoni mwa 2021, na Januari 2025 ikaiteka tena Goma, Bukavu ikafuata Februari, kila mara Rwanda ikiwa nyuma yake. Sisemi kwamba kesi moja ya Kisangani ingeizuia Kigali. Jeshi la nchi jirani haliogopi jalada la mahakama. Ninachosema ni kwamba njia ya kutoka darajani Tshopo hadi kwenye vyeo ilikuwa wazi, na tuliifungua sisi wenyewe.

Ukiyasoma hayo ya Mei 2002, usiishie kwenye RCD peke yake. Walioanza kuuawa asubuhi ile waliuawa na wenyeji. Hili huku hatupendi kulisema. Tukikumbuka tunajikumbuka sisi tu kama wahanga, na kwa sehemu kubwa ndivyo tulivyo, lakini waliochomwa au kupigwa mawe kwa sababu ya pua na urefu nao wana watoto, na watoto hao ni raia wa nchi hii. Novemba 2023 mjini Goma, ofisa wa jeshi letu wenyewe, Munyamulenge, aliuawa na kundi lililomwita Mnyarwanda. Hasira dhidi ya mvamizi ni haki yetu. Inapomhamia jirani, inampa mvamizi sababu anayoitangaza duniani kila siku, kwamba amekuja kuwalinda ndugu zake. Wizara yako ina uwezo wa kuwashitaki wachochezi, wakiwemo wa chama tawala na wa mitandaoni. Sheria ipo. Itumike pande zote mbili, na hadhara zile ninazoziomba ziwe na nafasi kwa Banyamulenge na Wahema kama kwa sisi wengine, hata kama ukumbi utanung'unika.

Kuna jingine linalohusu Goma, Bukavu na vijiji vyote vilivyo chini ya M23 leo. Watu wa huko wanalipa kodi kwa waliowateka. Mabenki yalifungwa mwaka 2025. Walimu wanafundisha, wauguzi wanahudumia, watoto wanazaliwa na kuandikishwa, viwanja vinauzwa, watu wanaoana. Tayari nawasikia wa Kinshasa wakiwaita wasaliti. Sisi wa Kisangani tuliishi hivyo hivyo chini ya RCD: ulikwenda kazini kwa sababu ulikuwa na watoto. Siku serikali itakaporudi Goma, swali la kwanza litakuwa la makaratasi, na ni lako: je, cheti cha kuzaliwa kilichogongwa muhuri wa waasi ni halali? Mahakama ya Hague ilikwisha kutoa mwongozo mwaka 1971 katika suala la Namibia: ubatili wa matendo ya utawala usio halali hauwezi kugusa uandikishaji wa vizazi, vifo na ndoa. Litangaze mapema. Hati za viwanja zichunguzwe moja moja, maana huko kuna wizi. Lakini mtoto asiulizwe alizaliwa chini ya bendera gani. Tangazo la kurasa mbili litatuliza mioyo kuliko kongamano la wiki nzima hotelini.

Basi, kwa vitendo. Kisangani ina komine sita. Hadhara moja katika kila komine, mbele ya mahakimu na si wanasiasa, kwa Kiswahili na Kilingala, na mwandishi wa mahakama akiandika kila neno. Ushuhuda wa majirani wawili ukubaliwe mahali pa cheti cha kifo kwa waliozikwa uani. Orodha ya wanaolipwa na mfuko ibandikwe kwenye ofisi za komine, na watu wapewe siku za kupinga jina wasilolijua. Bunia nao, Beni nao, na Goma njia ikifunguka. Kisha, na si kabla, peleka mswada wako bungeni ukiwa na kitabu cha hadhara hizo juu yake, ili mbunge asiweze kusema hakuambiwa.

Wapatanishi watakuambia muda hautoshi. Mwaka 2003 haukutosha, 2009 haukutosha, 2014 haukutosha.

Naomba jibu la maandishi, nalo libandikwe kwenye ofisi ya komine ya Tshopo. Likiwa ni hapana, liandikwe hapana, pamoja na sababu na sahihi ya aliyeamua.

Raia mwenzako,
Mkazi wa komine ya Tshopo, Kisangani