Cheti cha mfanyakazi hodari hakilipi ovataimu

Ndugu Mhariri,

Mei Mosi imepita. Vyeti vimetundikwa ukutani, bahasha zimegawiwa (nyingine bado ni ahadi), na wakuu wengi wa idara wanaamini morali ya kazi imeshughulikiwa hadi mwakani. Naomba nafasi niseme nao.

Ofisi nyingi humchagua mfanyakazi hodari kwa zamu: mwaka huu uhasibu, mwakani masijala. Kila mtu anajua zamu ni ya nani, kwa hiyo anayepewa cheti haoni kwamba kazi yake imethaminiwa. Anaona foleni imemfikia. Na fedha iliyotangazwa jukwaani Mei ikalipwa Septemba huvunja moyo kuliko kama isingeahidiwa kabisa.

Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, alitoa matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Aliona kwamba mshahara, usimamizi na mazingira ya kazi vikiwa vibovu, watu hununa. Vikirekebishwa, huacha kununa, basi. Ari hutoka kwenye kazi yenyewe: kuifanikisha, kutambuliwa, kukabidhiwa dhamana. Wapo waliompinga, na kwa haki, maana aliwahoji wasomi. Kwa mlinzi au mfanya usafi, mshahara una uzito mkubwa zaidi.

Kwa hiyo kiongozi aanze na yanayoudhi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, na zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Likizo ya mwaka ni siku 28. Chukua daftari la mahudhurio la miezi mitatu, uliweke kando ya hati za mshahara, uone nani anadai saa zake na nani hajakwenda likizo. Kabla hayo hayajalipwa, semina ya hamasa ni kuwaudhi watu mara ya pili.

Kisha zungumza na kila mmoja peke yake, dakika 20 kila baada ya miezi mitatu. Usifanye hivyo siku ya kujaza fomu za tathmini, kwa sababu mtu anayesubiri alama hatakwambia ukweli. Maswali matatu yanatosha: Kazi gani karibuni umeifanya ukaridhika nayo? Nini kinakukwamisha ambacho mimi naweza kukiondoa? Uamuzi gani unaletwa mezani kwangu ilhali ungeweza kuufanya wewe?

Hilo la tatu ndilo lenye hazina. Utakuta mtunza stoo mwenye miaka kumi kazini bado anasubiri saini tatu ili atoe rimu moja ya karatasi. Mwekee kiwango, tuseme rimu tano kwa wiki bila saini ya mtu, nawe ukague leja mwisho wa mwezi. Hapo umemkabidhi dhamana, na haijakugharimu shilingi.

Andika unachoambiwa, urudi na jibu ndani ya siku 14, hata kama jibu ni "haiwezekani" na sababu yake. Ukiuliza ukanyamaza, safari ijayo utaambiwa "kila kitu kiko sawa, bosi", na hutasikia kingine tena.

Shukrani nayo itolewe wiki ileile na itaje jambo lenyewe. "Mnafanya kazi nzuri" haimgusi mtu. "Ulifunga hesabu tarehe 3, ndiyo maana mishahara haikuchelewa" inamgusa.

Kuhusu Mei Mosi ijayo, vigezo vibandikwe kwenye ubao wa matangazo mwezi Januari, wafanyakazi wenyewe wapige kura ya siri, na kiasi cha zawadi kisitajwe kabla fedha haijatengwa kwenye bajeti.

Msomaji wako,
Morogoro