Msitu, mjomba na hondohondo

Rafiki yangu kipenzi,

Salamu nyingi. Nimerudi juzi. Miguu ingali inaniuma na suruali yangu ina matope ambayo sidhani yatatoka, lakini moyo umetulia. Uliniambia nikirudi nikusimulie yote. Yote sitayaweza, nitakupa yale yaliyonikaa.

Ratiba haikuwa yangu. Ilipangwa na binamu, yule mpenda hesabu. Alitaka tuwazungukie ndugu wote, na kati ya nyumba na nyumba tupite msituni kwa miguu. Nilijua atatuua. Kumbe ndiyo iliyoiokoa likizo. Unajua ilivyo ukienda kusalimia watu: mnaketi sebuleni, habari za afya, habari za kazi, habari za watoto, kisha kimya, runinga inawashwa. Mwenyeji anahangaika jikoni, mgeni naye anahangaika kuonekana hana shida. Safari hii kila tulipofika tulisema, "Vaeni viatu, twendeni." Wengi walitushangaa ila wakaja. Wachache walikataa, na hao hata sikumbuki tuliongea nini nao.

Aliyenishangaza zaidi ni mjomba. Unamjua, mtu wa "eeh" na "haya". Sasa msituni kijia ni chembamba, mnaandamana mmoja nyuma ya mwingine, hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Nadhani hilo ndilo lililomfungua kinywa. Alitangulia na fimbo yake akiongea huku ametupa mgongo, nasi nyuma tumetega masikio.

Alitusimamisha chini ya mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, ambao shina lake si shina bali ni mizizi iliyosukana kama kikapu. Mti ule haukuanzia ardhini, akasema. Ndege alikula tunda, akaangusha mbegu kwenye panda ya mti mwingine, kule juu kwenye mwanga. Mbegu ikachipua, ikateremsha mizizi polepole mpaka ikagusa udongo. Ilipopata maji ya chini ikanenepa, ikamkumbatia mwenyeji wake, ikamzibia jua, ikamnyang'anya maji, hadi akafa. Mwenyeji akaoza akaisha, na pale alipokuwa amesimama pakabaki uwazi. Wapwa zangu waliingia bila kuuliza, nami nikajipenyeza. Ndani pana ubaridi na harufu ya udongo mbichi, mchwa wamejenga vijia vyao ukutani, na ukiinua kichwa unaona kipande cha mbingu kisichozidi kiganja. Mjomba akachungulia penye ufa akasema, "Mgeni wa namna hii hata jembe usimpe, mfukuze siku ya kwanza." Tulicheka mpaka mti ukavuma. Halafu, hivi hivi tu, akaanza kunisimulia jinsi yeye na mama walivyokuwa wakijificha ndani ya mti kama ule walipotumwa kuni, na kwamba mama ndiye aliyekuwa jasiri, yeye akilia. Mama nimeshampigia simu kumuuliza. Anakana kila kitu.

Binamu naye alikuwa na kanuni yake. Anasema kuna Mskoti, William Naismith, mpanda milima, aliyeiweka mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia yetu ndefu zaidi ilikuwa ya kilomita 10 na mwinuko wa mita 300, kwa hiyo saa mbili na nusu, tutarudi kula mchana. Naismith hakutembea na mjomba, wala na watoto wanaoinamia kila uyoga. Tulirudi jua limeshazama. Na msituni giza huwahi: nje ya miti bado ungeweza kusoma barua hii, ndani huoni unapokanyaga. Ukienda, beba tochi hata kama unaondoka alfajiri, na chomeka suruali ndani ya soksi kwa ajili ya kupe. Mengine utajifunza njiani.

Sasa cheka kidogo. Wifi alikuja na kitoto chake mgongoni, kimelala. Tuko katikati ya miti, mara kilio cha mtoto mchanga, tena cha mtoto aliyetelekezwa. Wifi akageuka, akapapasa mgongoni: mwanawe amelala fofofo. Kilio kikazidi, sasa kinatoka juu. Rangi ilimtoka. Mjomba akanyoosha fimbo: hondohondo, kundi zima juu ya mti wenye matunda, na hiyo ndiyo sauti yao. Waliporuka, mabawa yalivuma kiasi kwamba kitoto kikaamka na kulia kweli. Mjomba akatueleza kuwa jike hutaga ndani ya tundu la mti, na mlango huzibwa kwa udongo na kinyesi, ukaachwa ufa tu. Dume humpitishia chakula hapo kwa wiki kadhaa. Wifi akamtazama kaka kwa jicho ninalolijua, akasema, "Umesikia? Kwa wiki kadhaa." Kaka akajifanya kufunga kamba za viatu.

Kwa yule mwenzetu wa bweni hatukutembea. Goti linamsumbua, kupanda na kushuka hawezi. Tuliketi barazani tangu mchana hadi mbu walipotufukuza, na sikuchoka hata kidogo, kwa hiyo usiyachukulie maneno yangu ya sebuleni kuwa sheria. Kicheko ni kile kile kilichokuwa kikituponza usiku. Anakulaumu, anasema hujibu ujumbe wake. Nilikutetea, lakini si kwa nguvu sana.

Tumekubaliana kurudi msituni mvua zikiisha, na nafasi yako ipo. Mjomba amekuulizia kwa jina, jambo ambalo kwake ni hotuba. Wifi ana buti za ziada ambazo hazivai, ngumu lakini nzima, na yuko tayari kukuazima. Niandikie namba ya kiatu chako wiki hii, maana dada yake naye anazinyemelea.

Ni mimi, rafiki yako